Maandalizi ya upasuaji wa mtoto wa jicho: mwongozo kamili kwa familia na wahudumu wa afya wa Dodoma

Upasuaji wa mtoto wa jicho wenyewe ni kazi ya dakika 10 hadi 30. Mgonjwa analala chali, anapigwa ganzi, na muda si mrefu anatoka akiwa amefunikwa jicho. Kwa sababu hiyo familia nyingi huamini kwamba kila kitu kinategemea mkono wa daktari. Mkono wa daktari ni muhimu, lakini matokeo mengi mabaya chanzo chake kiko siku au wiki kadhaa kabla ya mgonjwa kufika mezani. Usaha unaoingia ndani ya jicho mara nyingi hutokana na vijidudu vilivyokuwa kwenye kope za mgonjwa mwenyewe. Lenzi isiyolingana na jicho hutokana na kipimo kilichofanywa haraka. Na jicho lililopasuliwa vizuri likabaki halioni, aghalabu lilikuwa na ugonjwa mwingine ambao hakuna aliyeutafuta.

Hapa tunafuata safari nzima kwa mpangilio wake, tangu kijijini hadi dakika ya kufunikwa kitambaa cha upasuaji. Sehemu nyingine zinamhusu zaidi anayempeleka mzazi wake hospitali, nyingine zinamhusu mhudumu wa zahanati au muuguzi wa macho. Zisomeni zote, kwa maana ndugu anayejua kinachotakiwa kufanyika ni msaada mkubwa kwa muuguzi.

Hatua ya kwanza: jueni kama jicho litanufaika

Mtoto wa jicho ni ukungu unaoingia kwenye lenzi ya asili, nyuma ya mboni. Hauumi, hauwashi wala hautoi tongotongo. Mgonjwa huanza kwa kusema taa za magari zinamtawanyikia usiku, jua la mchana linamzidi, na miwani aliyoizoea haimsaidii tena. Baadaye mboni hugeuka kijivu, kisha nyeupe. Hakuna tone, mzizi, asali wala maziwa ya mama yanayoweza kuuondoa weupe huo. Vitu vinavyotiwa jichoni huweza kuleta kidonda kwenye konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na kovu lake likaziba uoni ambao upasuaji ungeurudisha. Kama mzee ameshatiwa kitu, mwambieni daktari ni kitu gani na ni lini. Msimfiche kwa aibu.

Uoni hupimwa kwa ubao wa herufi, au wa alama ya E kwa asiyesoma, umbali wa mita 6, jicho moja moja. Jicho lisilopimwa lizibwe kwa kiganja. Likizibwa kwa vidole, mzee huchungulia katikati bila hata kukusudia, na majibu yote yanaharibika. Akishindwa alama kubwa kabisa, anasogezwa karibu, kisha anaulizwa idadi ya vidole, kisha kama anaona mkono ukipungwa, na mwisho mwanga wa tochi. Baada ya hapo arudie kusoma kupitia karatasi yenye tundu la milimita 1 hivi. Akiona vizuri zaidi kupitia tundu hilo, sehemu ya tatizo lake ni ya miwani, na ni vema ajaribiwe miwani kabla ya kuzungumzia kisu.

Kipimo cha tochi kinastahili muda zaidi, maana ndicho kinachotoa picha ya nyuma ya lenzi pale ambapo daktari hawezi kupaona. Mwanga uletwe kutoka pande nne, juu, chini, kulia na kushoto, naye aonyeshe kwa mkono unakotoka. Hata mtu ambaye lenzi yake ni nyeupe kabisa huweza kuonyesha, iwapo retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na mshipa wa fahamu wa jicho ni vizima. Asiyeona mwanga kabisa hatasaidiwa na upasuaji huu, na ni haki yake kuambiwa hivyo kwa upole na uwazi kabla hajauza mbuzi kugharamia safari. Kisha tochi ihamishwe haraka kutoka jicho moja hadi jingine katika chumba chenye giza. Mboni inayopanuka pale inapomulikwa, badala ya kusinyaa, inaashiria ugonjwa wa mshipa wa fahamu au retina. Kipimo hiki kifanywe kabla ya matone ya kupanua mboni. Yakishatiwa, nafasi ya siku hiyo imepotea.

Presha ya jicho nayo ipimwe, kawaida yake ikiwa kati ya 10 na 21 kwa milimita za zebaki. Glakoma, yaani ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, mara nyingi kwa presha iliyopanda, na mtoto wa jicho hukaa pamoja katika watu wengi wa umri mkubwa. Pale ambapo lenzi nzito inamzuia daktari kuona retina hata baada ya kupanua mboni, jicho lipigwe picha ya mawimbi ya sauti kuhakikisha retina haijabanduka.

Mboni nyeupe pamoja na wekundu, maumivu makali na kutapika ni dharura. Lenzi iliyovimba au kuvuja imepandisha presha ya jicho. Mgonjwa huyo hasubiri tarehe ya kliniki. Aondoke siku hiyohiyo, presha ishushwe kwanza kwa dawa, ndipo apasuliwe.

Hatua ya pili: chagueni hospitali na msimu

Jijini Dodoma kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Hospitali ya Benjamin Mkapa. Wilayani Chamwino kuna Hospitali ya Mvumi, inayofahamika kwa huduma za macho. Kabla ya kupanda gari kutoka Kondoa, Mpwapwa au Manyoni, pigeni simu au mtumieni mhudumu wa zahanati aulize mambo manne: siku za kliniki ya macho, siku za upasuaji, kama barua ya rufaa inahitajika, na gharama pamoja na kile ambacho bima yenu inalipia. Ulizeni hasa kama bei inajumuisha lenzi, matone ya baada ya upasuaji na miadi ya marudio. Familia nyingi hujiandaa kwa gharama ya upasuaji peke yake, kisha matone yakaishia njiani, na jicho likaingia uvimbe ambao ungezuilika.

Mtoto mwenye mboni nyeupe ana njia yake. Huyo anahitaji ganzi ya kulala na timu iliyozoea macho ya watoto, kama zilivyo za hospitali za KCMC Moshi, Muhimbili au CCBRT Dar es Salaam, na anahitaji kufika mapema. Kila mwezi unaopita ubongo wake unakosa kujifunza kuona, na upasuaji wa baadaye haufidii yote.

Kuhusu msimu, mvua zetu huanza mwezi wa 12 na kuishia mwezi wa 4. Katika miezi hiyo makorongo hujaa, njia za vijijini hukatika, na kila mwenye nguvu yuko shambani. Mgonjwa anahitaji kuonwa kesho yake baada ya upasuaji, kisha tena ndani ya wiki chache. Akipasuliwa halafu akashindwa kuvuka korongo kurudi kliniki, maandalizi yote yamepungua thamani. Baada ya mavuno ya mtama na uwele, watu wana nafasi na barabara zinapitika. Ila tusisahau kwamba kadiri kiangazi kinavyosonga upepo huzidi na vumbi la Dodoma halina huruma kwa jicho jipya. Kwa maoni yetu mwezi wa 6 ni mwezi mzuri, na kwa mwezi wowote ule mgonjwa awe na miwani ya jua ya kumkinga na vumbi, hata ya bei nafuu. Mwenye shamba la zabibu apange ili wiki nne za mwanzo zisiangukie kwenye mavuno, kwa kuwa kuinama na kubeba matenga ni miongoni mwa kazi atakazokatazwa.

Hatua ya tatu: safisheni njia, yaani kope na machozi

Hii ndiyo hatua inayopuuzwa kuliko zote, na katika mkoa huu ndiyo yenye uzito wa pekee. Ukanda wetu umeteseka na vikope kwa vizazi vingi. Wilaya ya Kongwa imefanyiwa utafiti wa ugonjwa huo kwa miongo kadhaa. Wazee wengi wanaokuja na mtoto wa jicho leo waliugua vikope utotoni. Makovu ya wakati ule huvuta ukingo wa kope kuelekea ndani, na nywele zake zikawa zinaikwaruza konea kila wanapopepesa. Bibi anayetembea na kibano cha kung'olea kope ndani ya kanga yake yuko katika hali hiyo, hata kama hajamwambia mtu.

Jicho la namna hiyo lisipasuliwe mtoto wa jicho kabla kope halijarekebishwa. Sababu ni mbili. Kwanza, konea iliyokwaruzwa ni mlango wazi wa vijidudu, na kidonda cha upasuaji kinakuwa kando ya mlango huo. Pili, nywele zikiendelea kukwaruza, konea hufanya kovu na lenzi mpya haitakuwa na maana. Upasuaji wa kurekebisha kope ni mdogo na hufanyika kwa ganzi ya kuchoma. Kung'oa nywele kwa kibano huleta nafuu ya muda mfupi tu, maana huota tena, na mara nyingi hurudi fupi na ngumu. Baada ya kurekebisha, kope liachwe lipone kabisa, ndipo tarehe ya mtoto wa jicho ipangwe upya.

Kinachofuata ni mfuko wa machozi. Muuguzi abonyeze kwa kidole taratibu pembeni mwa pua, chini kidogo ya kona ya ndani ya jicho, huku akiangalia kona hiyo. Usaha au ute ukirudi juu, mfereji umeziba na mfuko umekuwa hifadhi ya vijidudu. Kipimo cha uhakika zaidi ni kusukuma maji ya chumvi kwa sindano butu kupitia tundu la chozi: mgonjwa akionja chumvi kooni, njia iko wazi. Mgonjwa mwenye usaha kwenye mfuko asipasuliwe mtoto wa jicho hadi tatizo hilo litibiwe. Tusilegeze hapa hata kama amesafiri kilomita mia mbili. Usaha ukiingia ndani ya jicho, huweza kuliua jicho kwa siku chache.

Magamba na uvimbe kwenye shina la kope vinatibika nyumbani. Chemsheni maji, yaache yawe vuguvugu, chovyeni kitambaa safi, kikae juu ya kope zilizofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, kisha sugua ukingo wa kope taratibu kutoka kona ya ndani kwenda nje. Fanyeni asubuhi na jioni kwa wiki mbili, kila jicho kwa kitambaa chake. Chokea, macho mekundu yenye tongotongo, jipu usoni au kidonda mahali popote karibu na jicho huahirisha upasuaji mpaka kipone.

Hatua ya nne: kipimo cha lenzi

Lenzi ya asili ikitolewa, inawekwa ya bandia yenye nguvu inayohesabiwa kwa diopta, kipimo kilekile cha nguvu ya miwani. Watu wengi huangukia karibu na 20 hadi 22, lakini neno "wengi" halimsaidii mwenye jicho fupi au refu. Katika kambi za macho zenye haraka, lenzi ya wastani huwekwa wakati mwingine bila kipimo. Mgonjwa hutoka na mboni nyeusi safi, ila anahitaji miwani mizito kuona mlangoni. Ulizeni bila woga: "Daktari, lenzi ya mama imepimwa?"

Vipimo ni viwili. Cha kwanza ni mviringo wa konea, cha pili ni urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma, ambao kwa mtu mzima ni milimita 23.5 hivi. Urefu huo ndio wenye madhara makubwa ukikosewa: kosa la milimita 1 hubadilisha jibu kwa diopta 2.5 hadi 3.

Kosa la kawaida ni kuligandamiza jicho. Kipimo cha mawimbi ya sauti kikiguswa kwenye konea kwa nguvu, hulifinya jicho kwa milimita 0.2 au 0.3, mashine ikasoma jicho fupi kuliko lilivyo, na lenzi ikachaguliwa yenye nguvu kupita kiasi. Mgonjwa anabaki haoni mbali. Kuepuka hilo, kipimo kiguse juu ya machozi tu, mgonjwa atazame mbele akiwa amekaa sawa, na usomaji uchukuliwe mara kadhaa hadi matokeo yafuatane kwa karibu. Palipo na kikombe cha maji cha kuwekwa juu ya jicho, au mashine ya mwanga isiyogusa kabisa, ni bora zaidi, ingawa mashine ya mwanga hushindwa kupenya lenzi iliyokomaa sana, na wagonjwa wetu wengi hufika wakiwa wamefikia hapo.

Mpangilio wa vipimo una maana. Mviringo wa konea upimwe kabla ya tone lolote la ganzi na kabla ya kupima presha ya jicho, kwa kuwa vyote viwili huvuruga uso wa konea. Anayevaa lenzi laini za machoni aache kuzivaa angalau wiki moja kabla; zile ngumu huhitaji wiki tatu au zaidi.

Macho yote mawili yapimwe hata kama linapasuliwa moja. Yakitofautiana urefu kwa zaidi ya milimita 0.3 bila sababu inayojulikana, au mviringo kwa zaidi ya diopta 1, rudieni, ikiwezekana kwa mtu mwingine. Rudieni pia jicho lililo chini ya milimita 22 au zaidi ya 26, na muwe mmechagua kanuni ya hesabu inayofaa urefu huo. Kila aina ya lenzi ina namba yake ya kiwandani inayoingizwa kwenye hesabu. Stoo ikileta lenzi ya kampuni nyingine, hesabu ifanywe upya. Kuichukua namba ya zamani na kufungua lenzi mpya ni kosa linalotokea kimyakimya, na hugunduliwa siku ya miwani.

Jicho refu lina onyo jingine linalomhusu mpiga ganzi. Ukuta wake ni mwembamba na umetanuka, hivyo sindano ya ganzi inaweza kulitoboa. Karatasi ya kipimo iambatane na mgonjwa hadi mezani, isibaki kliniki.

Hapa pia ndipo mgonjwa anapoulizwa anataka kuona nini. Wengi huchagua kuona mbali na kuvaa miwani ya kusomea. Fundi cherehani au mama wa kushona vikapu aliyezoea kuona karibu bila miwani anaweza kuchagua kinyume. Aamue yeye, akiwa ameelewa.

Hatua ya tano: mwili mzima

Mgonjwa wa presha ya kupanda aendelee na dawa zake, na asubuhi ya upasuaji azimeze kwa maji kidogo kama kawaida. Kuziacha "ili zisigombane na ganzi" ndilo kosa linalorudisha wagonjwa wengi nyumbani. Vituo vingi huahirisha presha ikizidi 180 kwa 110, kwa sababu damu inaweza kuvuja nyuma ya jicho au ndani yake. Kuishusha ghafla asubuhi hiyo kwa dawa kali si suluhisho. Ishughulikiwe kwa wiki kadhaa.

Kwa kisukari, sukari iwe imetulia wiki nyingi kabla, kwani iliyopanda huchelewesha kupona na kukaribisha vijidudu. Daktari aangalie retina pia. Ikiwa imeharibika kwa kisukari, itibiwe au angalau ijulikane, ili mgonjwa asiahidiwe uoni asioweza kuupata.

Dawa zote zibebwe ndani ya mfuko mmoja, pamoja na zile za mitishamba. Mbili hutajwa kwa jina. Tamsulosini, dawa ya tezi dume, hulegeza misuli ya mboni, na mboni husinyaa katikati ya kazi. Tangu 2005 madaktari wamelijua jambo hili. Kuiacha wiki moja kabla hakuondoi tatizo, lakini daktari akijua mapema hujiandaa. Wafarini na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda zisikatishwe bila ruhusa ya daktari aliyeziandika. Hupimwa damu kwanza, na ganzi ya matone au ya sindano butu ikachaguliwa.

Kikohozi kitibiwe. Kukohoa wakati jicho liko wazi husukuma vilivyo ndani kutoka nje. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi kipimwe kifua kikuu kabla ya lolote.

Kisha kuna zoezi la nyumbani lisilogharimu chochote: kulala chali, bila mto au kwa mto mwembamba, bila kujitikisa, kwa dakika 30, uso ukiwa umefunikwa kanga nyepesi. Fanyeni kila siku kwa wiki nzima. Zoezi hili litawaonyesha mapema mwenye moyo usiomruhusu kulala, mwenye kibiongo anayehitaji kuegemezwa, na mwenye hofu ya kufunikwa uso. Mengi ya haya yana ufumbuzi yakijulikana kabla. Yakigunduliwa mezani, ni ghasia.

Siku ya mwisho na asubuhi ya upasuaji

Nywele zioshwe jioni ya kuamkia upasuaji, kwa kuwa hazitaoshwa ovyo kwa wiki moja. Uso uoshwe kwa sabuni jioni na tena asubuhi. Pale maji yanapochotwa mbali, kata moja ya maji safi inatosha kwa uso. Wanja, mafuta na poda visipakwe. Nguo iwe safi yenye kufunguka mbele, isiyopita kichwani.

Kula kunategemea ganzi. Kwa ganzi ya jicho pekee, hospitali nyingi huruhusu uji au chai kidogo, na mgonjwa wa kisukari hafai kukaa na njaa. Kwa ganzi ya kulala, chakula kinasimama saa 6 kabla na maji matupu saa 2 kabla. Fuateni maelekezo ya hospitali yenu, na anayechoma insulini aulize mapema dozi ya asubuhi hiyo. Kuchoma kisha kukosa chakula kunaweza kumwangusha njiani.

Bebeni kitambulisho, kadi ya bima, barua ya rufaa, dawa, miwani ya zamani na ndugu mmoja mtu mzima asiye na haraka. Ikiwa mzee anaelewa Kigogo, Kirangi au Kisandawe kuliko Kiswahili, ndugu huyo awe mwenye kuijua lugha hiyo vizuri. Maelekezo ya mezani, "Babu, tazama miguu yako," "usiinue kichwa," "ukitaka kukohoa sema kwanza," yafundishwe kwa lugha yake kabla hajaingia. Ridhaa pia: kidole gumba kwenye karatasi hakina maana kama mwenye kidole hajaelewa kwamba ganda la nyuma la lenzi linaweza kupasuka, kwamba vijidudu vinaweza kuingia, na kwamba huenda miwani ikahitajika.

Chumba cha matayarisho: kwa wahudumu

Jicho litiwe alama juu ya nyusi, mgonjwa akiwa macho na akilitaja mwenyewe. Kwenye fomu andikeni neno zima, kulia au kushoto. Herufi moja haitenganishi, kwani maneno yote mawili yanaanza na K.

Matone ya kupanua mboni yaanze saa moja kabla: tropikamidi asilimia 1 na feniliefrini asilimia 2.5, tone moja la kila moja, kila baada ya dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne. Feniliefrini ya asilimia 10 hupandisha presha ya mwili. Isitumike kwa wazee wenye moyo au presha. Tone la diklofenaki husaidia mboni isisinyae wakati wa kazi. Mboni isiyofika milimita 5 aambiwe daktari kabla, si baada ya jicho kufunguliwa. Mgonjwa aende chooni sasa.

Ganzi ya kuchoma pembeni mwa jicho hutumia lignokaini asilimia 2, mara nyingi ikichanganywa na bupivakaini asilimia 0.5, mililita 5 hadi 8, kisha jicho hukandamizwa taratibu na kusubiriwa dakika 10 hivi. Jicho linaloendelea kucheza halijawa tayari.

Povidoni ayodini, dawa ya kuua vijidudu, ndiyo kinga yenye ushahidi mkubwa kuliko zote katika maandalizi haya. Ngozi, nyusi na kope hupakwa ya asilimia 10. Ndani ya jicho hudondoshwa ya asilimia 5 na kuachwa dakika 3 kamili kwa saa, si kwa kukisia. Penye ya asilimia 10 pekee, changanyeni nusu kwa nusu na maji ya chumvi yaliyotakaswa, siku hiyohiyo. Soma lebo: ile ya kunawia mikono yenye sabuni huunguza konea, na klorheksidini au spiriti vilevile. Chupa zinazofanana zisikae kwenye trei moja. Ayodini ikikauka, nywele zote za kope zifunikwe chini ya plastiki ya kunata, zisionekane katika eneo la kazi. Kuzikata si lazima.

Kabla ya kisu, timu isimame na kusoma kwa sauti: jina la mgonjwa, jicho, aina na nguvu ya lenzi, mzio, dawa za damu. Lenzi ya akiba iwe chumbani, pamoja na ile ya kuwekwa mbele endapo ganda litapasuka, na sefuroksimu, antibiotiki ya kudungwa ndani ya jicho mwishoni, miligramu 1 kwenye mililita 0.1, iwe imeshachanganywa na kuandikwa lebo. Kosa la kuchanganya hapa ni kubwa, hivyo watu wawili waihakiki.

Mafunzo ya matone, kabla na siyo baada

Mgonjwa akitoka chumbani amechoka, ndugu ana furaha, na maelezo ya dawa hayaingii. Wafundisheni siku ya kupimwa, kwa chupa ya maji ya chumvi. Nawa mikono kwa sabuni. Vuta kope la chini, dondosha tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho, fumba, bonyeza kona ya ndani kwa dakika moja. Tone moja linatosha, maana jicho halina nafasi ya zaidi, na la pili humwagikia shavuni. Dawa mbili zikiwepo, ziachane dakika 5. Ndugu afanye mwenyewe mara tatu mbele ya muuguzi. Matone yenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, huendelea kwa takribani wiki nne yakipunguzwa polepole. Hayakatishwi kwa sababu tu wekundu wa jicho umeisha.

Kabla ya kuondoka, familia iwe na jibu la swali moja: usiku mzee akipata maumivu yanayozidi, wekundu unaoongezeka, usaha, au uoni uliokuja ukaanza kupotea, nani ana usafiri na simu ya hospitali imeandikwa wapi? Dalili hizo hazisubiri asubuhi ya kliniki. Kama kijiji kina bodaboda moja tu, mwendeshaji wake aambiwe tarehe ya upasuaji na wiki mbili zinazofuata, na nauli itengwe pembeni tangu siku ile ya kwanza.